Kutu ya Kupika

Jino la Chozi liliacha kuuma palepale alipoliona kabati.

Alikuwa ameingia kwa daktari wa meno ameshika shavu, amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, tayari kung'olewa hata taya zima mradi alale. Wagonjwa wengine walikuwa wanatazama sakafu, kama watu wanaongoja hukumu. Yeye akatazama ukutani, na ukutani palikuwa na kabati la vioo lililofika darini. Ndani hamkuwa na dawa. Mlikuwa na pia za mti, manati, filimbi za bati, magari ya waya, na gololi zenye ua katikati. Kila kimoja kimekaa juu ya kitambaa cha kijani kama kito cha mfalme, na mbele yake kijikaratasi chenye mwandiko safi.

Akasoma kimoja. "Pia hii ilitumbukia kisimani, mwenyewe akaifuata. Walitolewa pamoja."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka bibi mmoja mzee, na daktari nyuma yake ameshika mwanasesere wa matambara.

"Bibi, nimeshasema hulipi kitu. Ila niambie tena, huyu mlimzika mara ngapi?"

"Mara tatu, mwanangu. Leo tunamzika, kesho tunamfukua tucheze naye."

Daktari akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Chozi akafungua kitambaa chake taratibu, akakikunja, akakitia mfukoni. Maumivu ni ya watu wasio na kazi.

Jina alilopewa na wazazi lilijulikana na mama yake na polisi. Mjini aliitwa Chozi, kwa sababu ya kipaji ambacho hakuna mwingine aliyejaliwa: aliweza kulia kwa jicho la kushoto peke yake, saa yoyote, huku la kulia likilinda mlango. Ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni na kumuuzia pango hilohilo. Alikwisha kuuza kiwanja kilichokuwa makaburi, redio isiyo na matumbo, na siku moja mbuzi wa jirani, akamuuzia jirani mwenyewe.

Lakini alikuwa amechoka. Umri ulikuwa unasogea na visigino vinauma. Alitaka kupanga kiduka chenye mlango na kiti, aache kutapeli kwa miguu, aanze kutapeli amekaa. Kila mtu ana ndoto yake.

Daktari naye hakuwa mjinga, tuelewane hapo. Alikuwa bahili mwenye kidonda. Alikulia katika nyumba ambayo baba alikataza michezo. Siku yake ya kuzaliwa alipewa kamusi. Mwaka uliofuata alipewa kamusi kubwa zaidi. Sasa amekuwa mtu mzima mwenye mvi na gari la maana, na alichobakiwa nacho ni kununua utoto wa watu wengine, tena kwa bei ya kutupa.

"Gari bila hadithi ni bati," alimwambia Chozi alipomweka kitini. "Na bati nalipata kwa fundi yeyote. Fungua mdomo."

Chozi akafungua mdomo, na kwa mwezi mzima hakuufunga. Alimletea manati iliyovunja dirisha la mwalimu mkuu. Akamletea filimbi iliyomezwa na mtoto ikalia tumboni usiku kucha. Vyote hivyo vilizaliwa wiki ileile nyuma ya soko, katika banda la bati la buluu alimofanya kazi kaka yake, fundi wa ndoo na mabeseni. Kaka aliunda, Chozi akazeesha. Kutu alikuwa anaipika mwenyewe: chumvi, maji ya ndimu na majivu, unapaka, unafunga kwenye gunia lenye unyevu, na bati la juzi linaamka limekuwa babu.

Daktari alipenda, lakini alilipa kwa kujikuna. "Haya madogo madogo," alisema. "Niletee kitu chako wewe. Kitu ambacho ukiniuzia utaumia."

Ndipo Chozi akakumbuka gari.

Kaka alikuwa anakunja ukingo wa beseni alipoingia. Mama yao, aliyeishi na kaka mtu kwenye vyumba vya nyuma ya banda, alikuwa amesafiri kumuuguza dada yao aliyejifungua, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwuliza Chozi alikula wapi jana.

"Kaka, niundie gari. Lile la utotoni."

"Lipi?"

"Lile la kopo la mafuta. Magurudumu ya kandambili, taa vifuniko vya soda. Uliniundia nilipougua surua."

Nyundo ikasimama. "Bado unalikumbuka?"

"Nakumbuka linafananaje. Kuna mtu analitaka."

Nyundo ikaendelea. "Nina oda ya ndoo za hospitali."

Chozi hakukata tamaa. Kila asubuhi alikuja na maandazi na kilemba cha ukoka. Kaka, mkono wako ni dhahabu. Kaka, ungezaliwa kwa watu wengine ungekuwa unaunda ndege. Mpaka asubuhi moja fundi akaweka mkasi wa bati chini, akaingia ndani, akakawia, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha zamani.

Chozi akafungua, akapiga mluzi.

"Wewe ni shetani. Hii kutu umeipikaje? Haichafui hata kidole."

"Kwa miaka," kaka akasema.

"Umeanza utani." Akaligeuza. Tumboni palikuwa na jina lake limekwaruzwa kwa msumari, na herufi moja imesimama kichwa chini. "Hata kosa langu umelikosea vilevile. Na harufu! Vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini. Mimi mwenyewe nisingewaza."

Kaka alikuwa amesimama, mikono inaning'inia, anamtazama kama mtu anayengoja kurudishiwa kitu. Chozi aliujua mtazamo huo. Alikuwa na wadai wengi.

"Usiwe na wasiwasi," akamwambia. "Nikiuza nitakupa chako."

Kaka akarudi kwenye ndoo zake.

Kwa daktari, Chozi aliliweka gari mezani kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Kisha akaanza. Alisimulia chumba chenye giza, dirisha limezibwa kwa blanketi kwa sababu mgonjwa wa surua hatakiwi kuona mwanga. Alisimulia kaka aliyekaa kando ya kitanda na kopo na msumari, akikata bati polepole asimwamshe mgonjwa, na asubuhi gari likapanda mlima wa magoti chini ya shuka. Yote yalikuwa kweli. Chozi alipenda kutumia ukweli pale unapopatikana, kwa kuwa ni uongo usiohitaji kukariri.

Jicho la kushoto likatoa chozi kwa wakati wake. Kisha la kulia, bila kuitwa, likafuata. Chozi akalishangaa. Akalisingizia vumbi.

"Na unaliuza?" daktari akauliza kwa sauti ndogo.

"Njaa, daktari. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usiliuze. Hata mimi nikija nikapiga magoti, usinipe."

Daktari akatoa bahasha nene, safari hii bila kujikuna. Tena kwa furaha akalivisha lile jino bovu kofia ya dhahabu, bure. Chozi akatoka anatabasamu kwa kila mtu, hata mbwa.

Alipita bandani kumwonyesha kaka yake jino.

"Zuri," kaka akasema. "Mama anarudi Jumapili."

"Akaribie."

"Akifika unajua anakwenda wapi kwanza?"

"Msalani. Safari ni ndefu."

"Kabatini. Kila akitoka safari analitoa gari lako, analipangusa, analirudisha kwenye nguo zake."

"Gari langu lipi?"

Kaka aliinamia ndoo. Alikuwa anapima mdomo wa ndoo kwa kiganja. Tabasamu la Chozi likabaki peke yake usoni, dhahabu na yote.

"Kaka. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema nimeanza utani."

"Mtu akichukua kitu cha kweli anasema, chukua, hiki ni cha kweli!"

"Nilidhani utalijua," kaka akasema. "Nikasema ngoja alishike tu mkononi, atalijua. Ukasifia kutu."

Chozi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Polisi alikwisha kuwakimbia, wenye viwanja aliwazunguka, lakini mama yake alikuwa na silaha moja isiyo na kinga. Hakupiga, hakutukana. Alinyamaza, akakupakulia chakula, akakaa kukutazama ukila.

Kesho yake kulipokucha alikuwa mlangoni kwa daktari, kabla hata ya wagonjwa.

"Daktari, nirudishie gari. Bahasha hii hapa, haijapungua."

"Si uliniambia hata ukija ukapiga magoti nisikupe? Nami nakuona bado umesimama."

Chozi akapiga magoti.

"Sasa umepiga magoti," daktari akasema, "na ndivyo hasa ulivyonikataza."

"Daktari, lile ni la kweli."

"Kwani mengine?"

Hapo palihitaji uongo wa haraka, na kwa mara ya kwanza tangu aote meno Chozi hakuupata. Akasema yote: kutu ya kupika kwa ndimu, mama, kabati, Jumapili, kaka yake fundi wa banda la buluu nyuma ya soko. "Kamuulize yeye kama nasema uongo."

Daktari akavua miwani, akaifuta. Akatazama manati kabatini, akatazama filimbi, akamtazama tena mtu aliyepiga magoti. "Nitamuuliza," akasema. "Njoo Jumamosi. Bahasha niachie. Saa hiyo ya mkononi pia. Na jino langu."

"Jino lipi?"

"Lililo mdomoni mwako."

Jumamosi Chozi alilala kwenye kile kiti, akavuliwa dhahabu. Daktari alimjaza pamba shavuni, akammiminia mafuta ya karafuu mpaka machozi yakamtoka bila ufundi wowote, kisha akamkabidhi gari katika kitambaa chake kilekile cha zamani. Chozi akaligeuza tumbo. Jina lipo, herufi ya kichwa chini ipo. Akalikumbatia, akaondoka nusu mbio kulirudisha kabatini kwa mama. Ndani ya pua yake dunia nzima ilikuwa karafuu.

Mama alifika Jumapili mchana. Akatua mkoba, akapokea salamu za wanawe, akasema mtoto wa dada ana masikio ya baba yao. Kisha akaenda kabatini.

Chozi alisimama mlangoni kama mtu mwenye kazi hapo. Mama akatoa gari, akalipangusa paa kwa upindo wa nguo yake. Akasita. Akalisogeza puani.

"Hili linanuka ndimu," akasema.

Chozi akageuza shingo polepole kumtazama kaka yake.

"Alhamisi alikuja bwana mmoja wa miwani," kaka akasema, anakuna kidevu. "Ana gari mkononi, anataka pacha wake. Na mwenyewe kasema nimtie kutu ya haraka, ile anayoijua mdogo wangu. Akalipa kabla ya kazi. Wewe hujanilipa hata baada."

"Lile lenyewe ulilishika mikononi mwako, kaka, ukamrudishia?"

"Lilikuwa lake. Si ulimuuzia?"

Mama aliwasikiliza kama anasikiliza mvua. "Liko wapi?" akauliza.

Chozi akatazama vidole vya miguu yake. "Kwenye kabati la vioo, mama. Kwa daktari wa meno. Juu ya kitambaa cha kijani."

"Analipangusa?"

"Kila asubuhi."

"Na anajua lilivyoundwa? Habari ya surua, na kaka yako?"

"Nilimwambia. Ameiandika."

"Ulimwambia sawasawa?"

"Sawasawa, mama. Sikuongeza kitu."

Mama akatikisa kichwa kidogo, mtu asingejua kama ni kukubali au kusikitika. Akalitazama lile gari jipya, akalipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Akalifunga kwenye kitambaa, akalilaza katikati ya nguo zake, akachukua kidonge kimoja cheupe cha mende akakiweka pembeni yake.

"Acha likae," akasema. "Ndimu itaisha. Miaka thelathini si mingi."

Kisha akaenda jikoni. Akarudi na sahani, akaiweka mbele ya Chozi, akavuta kiti, akakaa kumtazama.

Tonge la kwanza lilimwangukia palepale daktari alipovua dhahabu, na jino likaamka na deni lake lote. Chozi akahamishia upande wa pili, akaendelea kutafuna, analia kwa macho yote mawili, na mezani hapakuwa na mnunuzi.