Kaa wa Meza ya Tano

Jumatano, 4 Machi
Mwaka mmoja, miezi miwili na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Barua ya mke wangu imefika. Baba yake bado amemzuia kwao: haji huku mpaka kaka yake aone kwa macho yake kama kweli nina kazi ya maana. Kosa langu. Niliwaandikia kwamba mimi ni msimamizi wa ujenzi. Ukweli ni fundi vigae msaidizi. Yaani msaidizi wa fundi. Na shemeji anakuja Jumamosi! Asikanyage kazini kwetu hata kidogo.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepata! Nitampeleka mkahawa wa samaki, pale ufukweni. Mtu anayekula kaa huku anatazama bahari, nani atamuuliza cheo? Nimemwomba mhudumu aniite bosi mbele ya mgeni. Akakubali papo hapo. Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Zege, anasema nitaumbuka. Wivu! Yeye hajawahi kula kaa. Mimi pia sijawahi, lakini yeye hajui.

Jumamosi, 7 Machi
Shati la Zege, limepigwa pasi. Tukaketi meza ya tano. Mhudumu: "Karibu, bosi!" Nikavimba kichwa. Kisha akamgeukia shemeji naye, karibu bosi. Mleta barafu, bosi. Mtu aliyeingia kuomba choo, bosi.

Kaa akaja mzima na gamba lake. Pembeni koleo dogo, kama la fundi umeme. Nikadhani mhudumu kalisahau, nikamrudishia. Shemeji ananitazama, anangoja msimamizi aanze. Meza imepigwa vigae. Kidole changu kikagonga chenyewe, mazoea ya kazi. Sauti ya debe tupu! Fundi gani huyu, kaweka saruji katikati tu! Nikajikaza. Nikamshika kaa, nikambamiza mezani kwa nguvu zote.

Kaa hakupasuka. Kigae kikapasuka.

Akaja mwenye mkahawa, mama mwenye sauti ya king'ora. Nani kamvunjia meza? Nikasema meza ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Alipobisha nikapiga magoti, nikaenda meza hadi meza, sikio juu ya kigae, nagonga. Hiki kizima. Hiki kitupu. Wateja wakanyanyua sahani kunipisha. Mama akauliza mimi ni nani hasa. Nikajibu kwa fahari: fundi vigae msaidizi, mwaka wa pili!

Ndipo nikamkumbuka shemeji. Alikuwa nyuma yangu, mguu wa kaa mkononi.

Jumapili, 8 Machi
Nimemsindikiza stendi. Njia nzima nimembebea begi. Alipoweka mguu kwenye ngazi ya basi akasema alitumwa aone kazi, na kazi ameiona, tena imepigiwa magoti. Mabosi aliona wengi mno. Dada yake atakuwa tayari mwisho wa mwezi, niende mwenyewe kumchukua. Ila uongo basi, shemeji, mzee hapendi. Nikaapa. Nikalia kidogo, pembeni.

Jumanne, 10 Machi
Mama wa mkahawa kanipa meza zote kumi na moja nizipige upya, jioni baada ya kazi. Peke yangu, bila fundi juu yangu! Zege ananichanganyia saruji, kwa hiyo nina mfanyakazi. Nimemwandikia baba mkwe kwa heshima zote kwamba sasa niko kwenye biashara ya mkahawa, nasimamia meza kumi na moja. Uongo uko wapi hapo? Nimemkaribisha aje kula. Nitafika kwake kumchukua mke wangu Jumamosi tarehe 28, kwa basi la asubuhi, kama mzee hatakuwa amepanda lake kuja huku.