Dakika Tatu za Kuongea

Jumatatu, 5 Mei
Mwalimu Elinipa kaleta utaratibu mpya kipindi cha michezo. Mapumziko ya mechi kila timu inakaa chini dakika tatu, inajadiliana. Aliyeshika mpira ndiye anayeongea. Kwa vikao hivyo atachagua wachezaji saba wa mpira wa mikono wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya Kibaha. Shangazi wa Mzenga nimeshamwambia naenda. Basi nikaukumbatia mpira dakika zote tatu, nikamchambulia kila mtu makosa yake. Tulikuwa sare. Tukafungwa tisa kwa mbili. Timu ya mizigo hii.

Jumatano, 7 Mei
Wamenuna. Hajra, kipa wetu, anadai tangu juzi alitaka kusema jua linampiga machoni goli la upande wa stoo, ila mpira hakuupata. Nikamwambia kazi ya kipa ni kudaka. Leo hakudaka kitu. Kwa Hemedi, kapteni wa wapinzani, mpira unazunguka kikaoni mkono kwa mkono. Hata Wema kaongea, na darasani hajawahi kunyoosha kidole. Wivu umenishika, sifichi.

Alhamisi, 8 Mei
Leo upelelezi. Mapumziko nikajifanya nafunga kamba za viatu karibu na kikao cha Hemedi. Wema akawaambia wenzake kwamba Seifu, yaani mimi, hutangaza kila pasi kwa sauti, kwa hiyo wao wasikilize tu na kukaba. Wakacheka. Niliwachukia wote. Niliporudi kwetu kikao kilikuwa kimeisha, Hajra kashika mpira, watu wanatikisa vichwa kukubali. Tukashinda kwa bao moja. Upelelezi wangu umelipa, ingawa sikupata nafasi ya kumwambia mtu nilichosikia.

Ijumaa, 9 Mei
Majina yamebandikwa. Hajra yumo. Wema yumo. Hemedi kapteni. Mimi simo. Nikamfuata Mwalimu, nikamwamkia, nikauliza sababu. Akaniuliza jana timu yangu ilikubaliana nini kikaoni. Sikujua. Akasema niende nikawaulize.
Sikwenda. Nimelia nyuma ya stoo, na shangazi kapiga simu kuuliza safari ni lini. Nimekata.
Tatizo la hawa watu ni kwamba hawajui kusikiliza. Jumatatu nitawakalisha niwafundishe. Hotuba iko tayari, kurasa sita. Maswali sitapokea.