Kizuizi Namba Moja cha Pieve Storta

Ninayo heshima kutangaza, kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Uratibu wa Mwendokasi, kwamba mbio za magari za Pieve Storta za mwaka huu wa 1950 zimekamilika kwa mafanikio makubwa, mizunguko kumi na tisa kabla ya wakati. Katika msimu huu wa kwanza wa ubingwa wa dunia, hakuna mji mwingine uliookoa muda kiasi hicho. Kamati inajipongeza.

Mimi ni Primo Zanasi, Mtunza Kitambaa Mkuu. Kabla ya cheo hiki nilikuwa mlinzi wa geti la reli kwa miaka ishirini na miwili. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo kanuni nazisoma kama zilivyoandikwa. Waliosoma zaidi huzisoma kama wanavyotaka.

Nianze na kitambaa. Watu wa mtaani hukiita bendera. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Aristide Pallanti, Naibu Waziri wa Barabara na Fahari, alilikataa neno hilo kwenye kikao cha tatu. Alisema Jamhuri yetu ina miaka minne tu, ina bendera moja, na haitaki mke mwenza. Ndiyo maana Kifungu cha 14 kinasema: "Kitambaa cha miraba myeusi na myeupe kikipeperushwa juu ya mstari wa mwisho mbele ya Naibu Waziri, mbio zimekwisha, na hakuna mamlaka duniani inayoweza kuzianzisha tena." Hayo ya mamlaka duniani aliyaongeza mwenyewe kwa kalamu, kisha akayasoma mara mbili kwa sauti.

Kitambaa chenyewe nilikifungia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili anao Naibu Waziri. Wa tatu uko Roma, kwa katibu aliyekwenda likizo mpaka Septemba. Mbio zilikuwa Julai. Kiusalama tulikuwa vizuri kabisa. Swali la jinsi mbio zingemalizika lilipelekwa kwenye kamati ndogo.

Uamuzi mwingine wa kihistoria ulihusu mstari wa mwisho. Wahandisi walikuwa wameuchora mbele ya shule, kwenye barabara iliyonyooka. Naibu Waziri aliuhamisha mita mia tatu, ukawa chini ya roshani ya mgahawa wa Bi Argia, mita thelathini tu kabla ya kona. Sababu iliyoandikwa ni usalama. Nami nathibitisha: tortelini za supu, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, zikibebwa mita mia tatu zinapoa, na tortelini zilizopoa ni hatari kwa mtu wa cheo chake.

Bi Argia ni mjane wa Ermes Bonvicini, aliyefariki kwa homa ya mapafu majira ya baridi ya mwaka juzi. Siku ya pili baada ya maziko, alichukua vitambaa vyote vya meza, vile vya miraba myekundu na myeupe vilivyo kila mgahawa wa kwetu, akavitumbukiza kwenye sufuria la rangi nyeusi.

"Ermes alikula kwenye meza hizi miaka kumi na minane," aliniambia. "Nazo zivae msiba."

Myekundu ikawa myeusi, myeupe akaifunga na kuikinga kwa nta ikabaki myeupe. Kazi safi. Niliiona kwa macho yangu, nikala, nikalala. Sikuona jambo lolote la kuripoti.

Sasa nije kwa Learco Bonvicini, mdogo wa marehemu Ermes, fundi wa matrekta wa ushirika. Mtu wa miaka thelathini na tisa, na nusu ya hiyo kaitumia chini ya gari. Gari lake la mbio kaliunda mwenyewe, likapakwa rangi iliyobaki ya matrekta, na boneti limefungwa kwa mkanda wa suruali. Wapiga picha walikuja kutoka Paris na London. Kila picha ya magari mekundu ya timu ya Corvara, nyuma yake lilitokea hilo trekta lililokonda. Naibu Waziri alipoziona gazetini alikosa usingizi wa mchana.

Ndipo kikazaliwa Kifungu cha 9: "Chochote kilichomo barabarani kinachokwenda chini ya wastani wa kilomita mia na ishirini kwa saa ni Kizuizi. Kizuizi kitaondolewa na askari, kitafutiwa leseni, na hakitatumia barabara ya umma kwa miaka mitano." Kwenye majaribio Learco akafikisha mia na ishirini na nne. Kamati ikakaa kwa dharura, ikagundua kwamba usalama hasa unahitaji mia na thelathini. Kisha mtu mmoja akauliza, je, mvua ikinyesha na Corvara nao wakatambaa? Tukaongeza: "Isipokuwa mshindi, ambaye hawezi kuwa Kizuizi kwa kuwa hana aliyemzuia."

Nilitumwa nimsomee Learco. Nilimkuta mgahawani mchana wa Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, anakula mkate na nyama ya nguruwe ya kukausha, mikono myeusi mpaka viwikoni. Nikamsomea chote, pamoja na mihuri.

"Primo," alisema, "hiyo kanuni mmenishonea mimi. Mmesahau tu kuandika urefu wa mguu."

"Kanuni ni ya wote."

"Ya wote wanaoitwa Learco."

Bi Argia aliweka sahani mezani kwa kishindo. "Shemeji, acha kulia juu ya chakula changu. Utakwenda mia na thelathini au huendi?"

"Siendi. Hata ukinifunga roketi."

"Basi wakikuchukulia leseni utafanya nini?"

Learco aligeuza kisu mezani. "Trekta nalo linapita barabarani, shemeji. Wakiichukua, hata shambani sifiki. Nitakuwa fundi wa nini? Wa baiskeli za masista?"

"Masista watakukataa. Unanuka dizeli." Akaketi. Hilo la kuketi halikuwa kawaida yake. "Hakuna hata mahali pamoja unapowashinda hawa wekundu?"

"Mahali pamoja tu. Injini zao zina kompresa za kusukuma hewa, zinakunywa mafuta kama wageni wa harusi. Katikati ya mbio lazima wasimame wajaze. Yangu haina kitu. Nakwenda mpaka mwisho na tenki moja, polepole, kama padri."

"Na Kifungu cha 11?" Bi Argia aliniuliza mimi. Watu hudhani mwanamke anayeosha vyombo hasikilizi.

Nilimweleza kwa fahari. Kila lita inayomiminwa lazima ishuhudiwe na afisa wa ushuru na igongwe muhuri, kwa nakala tatu. Tulikuwa na afisa mmoja. Magari yangepanga foleni kwa alfabeti.

Learco aliacha kutafuna. "Afisa mmoja? Kwa magari kumi?"

"Ni mtu makini," nikasema. "Gari moja, dakika mbili."

"Basi kuna dakika chache pale kati nitakuwa mbele ya dunia nzima," Learco alisema, akacheka. "Shemeji, uje unipungie mkono. Baadaye watanipita kama nguzo ya simu."

"Dakika ngapi?" Bi Argia aliuliza.

"Tano. Sita. Kwa nini?"

"Kula," alisema Bi Argia.

Jumapili ilikuwa ya jua kali. Jukwaa lilifunikwa zulia. Naibu Waziri alifika na makatibu watano, akahutubia juu ya mwendokasi kwa saa moja na dakika kumi, kisha magari kumi na moja yakaondoka kwa kelele iliyotingisha kengele za kanisa. Nilisimama kwenye mstari nikiwa na saa yangu ya reli na sanduku langu lililofungwa.

Kufikia mzunguko wa kumi, Corvara walikuwa wanaongoza wote watatu, na Learco alikuwa wa mwisho, anapita na sauti ya mtu anayekoroma. Naibu Waziri alinipungia kidole.

"Zanasi! Ngapi huyo?"

"Mia na ishirini na saba, Mheshimiwa."

"Safi sana. Mwambie sajenti wa askari atayarishe fomu."

Mzunguko wa kumi na tisa wakaanza kuingia kujaza mafuta. Afisa wa ushuru alivaa miwani, akalamba kidole, akafungua kitabu. Nyuma ya gari la kwanza likaja la pili, nyuma ya la pili la tatu, na madereva wakaanza kusimama vitini na kutaja mama za watu. Namba moja wa Corvara, Marchese Fulvio degli Olmi, alijaribu kuruka foleni. Afisa alimrudisha mwisho kwa sababu jina lake lilikuwa na neno "degli", yaani "wa", na haikujulikana kama ni herufi D au O. Ofisi ya Roma ilikuwa imefungwa, Jumapili.

Mzunguko wa ishirini na moja, Learco akiwa mbele ya wote, barabara ilikuwa tupu kama Jumatatu ya Pasaka asubuhi. Ndipo Naibu Waziri alipotazama saa yake, akatazama roshani. Harufu ya supu ilikuwa imemfikia.

"Bi Argia!" aliita. "Tandika meza, mama. Njaa inaniuma."

"Sasa hivi, Mheshimiwa?"

"Sasa hivi, sasa hivi!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mama, mimi ndiye ninayeamuru hapa!"

Alisema hivyo, na watu mia mbili walisikia. Bi Argia akatokea roshani na kitambaa cha meza. Kila mwanamke wa Pieve Storta hukung'uta kitambaa nje kabla ya kutandika, makombo yaende kwa kuku wa jirani. Asiyekung'uta huitwa mchafu mpaka kaburini. Lakini yeye hakukung'uta mara moja. Alitazama kwanza barabarani, upande wa kanisa, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anaangalia hali ya hewa.

Gari la rangi ya trekta lilitokea likikoroma. Bi Argia akakung'uta. Miraba myeusi na myeupe, mita mbili kwa mita mbili, juu ya mstari wa mwisho, mara moja, mara mbili, mara saba. Makombo yakamwangukia katibu wa tatu.

Learco akapita chini yake.

Niliangalia kitambaa. Niliangalia mstari. Nilimwangalia Naibu Waziri, naye yupo, ameketi, leso shingoni. Nilikitoa Kifungu cha 14 mfukoni nikakisoma neno kwa neno, kisha nikapuliza filimbi.

"Mbio zimekwisha!" nilitangaza. "Mshindi, Bonvicini Learco!"

"Wewe Zanasi, una wazimu?" Naibu Waziri alipiga kelele. "Hicho ni kitambaa cha meza!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kitambaa. Neno lingine lilikatazwa kwenye kikao cha tatu."

"Nafuta! Nafuta mara moja!"

"Kwa mamlaka gani, Mheshimiwa? Za duniani zimeshakataliwa. Mwandiko ni wako."

Watu walianza kucheka, kwanza upande walikosimama wachinjaji, kisha jukwaa zima. Learco alikuwa amesimamisha gari mbele kidogo, kashika kofia, anauliza kila mtu ni nini kimevunjika. Bi Argia akamwinamia kutoka juu.

"Hujavunja kitu, shemeji! Umeshinda! Funga mdomo, nzi wataingia!"

Learco alikaa barabarani, pale pale kwenye lami, akalia kama mtoto. Mshindi hawezi kuwa Kizuizi; hana aliyemzuia.

Naibu Waziri hakukubali. Aliruka zulia, akaingia barabarani na leso yake shingoni, akaanza kukimbia kuelekea kwenye foleni ya mafuta, akipunga mikono. "Endeleeni! Endeleeni! Washeni injini!"

Hapo niliona wajibu wangu. Nilimpima kwa saa yangu. Kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya pili ni mita hamsini, najua kwa sababu nilizichimbia mwenyewe. Nilipiga hesabu, nikarudia, nisije nikamwonea. Kilomita sita na nusu kwa saa, na hapo nimemhesabia upepo wa nyuma.

"Sajenti," nilisema, "fomu iko tayari?"

"Iko tayari tangu mzunguko wa kumi, Bwana Zanasi. Ila imeandikwa Bonvicini."

"Futa jina. Acha mengine."

Askari wawili walimbeba kwa heshima zote, mmoja kila kwapa. Miguu yake iliendelea kukimbia hewani, jambo ambalo halikubadilisha wastani. Tortelini zake zilipewa mshindi. Bi Argia alitandika kitambaa kile kile, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akimtania mtu kwa sababu ana supu kidevuni.

Kwa kumalizia, Kamati inatoa taarifa ifuatayo. Leseni ya Bonvicini ni halali. Kizuizi Namba Moja, Mheshimiwa Pallanti, hatatumia barabara ya umma kwa miaka mitano, na nimearifiwa kwamba anakwenda ofisini kupitia bustani za watu. Anayo haki ya kukata rufaa, na haki hiyo tunailinda. Rufaa inapokelewa kila Jumanne, hapa Pieve Storta, na mwombaji mwenyewe, mkononi. Nipo dirishani kuanzia saa tatu asubuhi.

Aje tu. Mlango uko upande wa barabara. Mlango mwingine hakuna.