Mashine ya Kumsikia Kibibi

Jumatatu, 2 Machi 1987

Furaha! Kibibi wangu atasikika redioni Jumamosi alasiri, kipindi cha watoto. Shule iliwapeleka Mombasa wakarekodiwa, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusimulia kisa cha sungura na fisi. Nimewaambia wateja wote. Mmoja nilimwambia huku nikimkatia suruali. Imetoka fupi.

Tatizo: redio yetu imekufa. Niliifungua mwezi wa kwanza nione kama yaweza kushika Roma. Mke wangu Khamisa asema twende tukasikilize kwa Badi. Kwa Badi! Fundi cherehani wa ng'ambo ya kichochoro, aliyeninyang'anya sare za hoteli! Ana redio kubwa kama kabati. Mwanangu atoke kwenye kabati la Badi? Nife kwanza.

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda kwa Njoroge, nyuma ya soko. Hununua vitu vya Wazungu wanaorudi kwao. Ana mashine tatu za mkononi. Ya kwanza redio ndogo, nyeusi, haina ajabu. Ya pili kompyuta! Yaenea mfukoni, vitufe vyake kama punje za mtama. Nikaandika MAHADHI. Jina langu likatokea kiooni! Ya tatu televisheni ya kiganjani, na antena ya kuvuta.

Njoroge akauliza naitaka ya kazi gani. Nikamwambia nataka kumsikia mwanangu redioni.

"Basi chukua redio, Mzee," akasema.

Mjanja huyo! Anataka kuniondolea jicho kwenye zile nzuri.

Jumatano, 4 Machi

Nimewaza mchana kutwa juu ya cherehani. Redio hutoa sauti tu. Kompyuta hutoa maandishi tu; nilimwuliza Njoroge kama yaweza kuyaandika maneno ya Kibibi akisema, akacheka mpaka akakaa chini. Televisheni hutoa sauti NA picha. Kuna la kufikiri tena? Hata nguo aliyovaa tutaiona!

Khamisa akasema kipindi ni cha redio. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine bora hupata zaidi. Akanitazama sana, akarudi kuchambua mchele. Amekubali.

Tumebadilishana: Njoroge kanipa televisheni, nami nitamshonea mdogo wake suti ya harusi. Nikapita mbele ya Badi nimeishika mkononi. Hakuona. Nikapita tena. Na tena. Mwishowe akaniuliza kama nimepotea.

Nimemwalika. Nimealika mtaa mzima.

Ijumaa, 6 Machi

Majaribio, baada ya sala. Barazani: nukta nyeupe tupu, kama mchele uliomwagika. Darini: nukta, na sauti ya samaki wakikaangwa. Juu ya pipa la maji: mtu! Mwanamume au mwanamke sikutambua, ila kichwa alikuwa nacho. Pipa likapinduka. Goti limevimba. Lakini mtu alikuwamo! Kesho atakuwa Kibibi.

Jumamosi, 7 Machi

Baraza lilijaa. Wanawake walijifukiza udi. Nikavuta antena. Nukta. Nikageukia kusini. Samaki. Nikasimama kwa mguu mmoja, ule mzima. Samaki zaidi. Wageni wakaanza kutazamana.

Kibibi akanishika kanzu, machozi yakimlenga.

"Baba, naanza sasa hivi, na hunisikii."

Moyo ulinikatika. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na televisheni yangu.

Mara sauti ikapaa kutoka ng'ambo. Badi! Alikuwa ameitoa redio yake nje, akaielekeza barazani kwangu, akaifungulia mpaka mwisho. Sauti ya Kibibi ikajaa kichochoro kizima. Sungura akaringa, fisi akalia, watu wakacheka pale pale alipotaka wacheke. Na mwenyewe kasimama kati yetu, midomo ikifuata kila neno. Khamisa alilia. Mimi pia, lakini mimi nilikuwa na goti.

Nikavuka kumshukuru Badi. Akanishika mkono.

"Mtoto wako ni mtoto wetu, shekhe. Ila ungechukua redio."

Nikamkumbatia kwa ajili ya yale maneno ya kwanza.

Jumapili, 8 Machi

Nimeamka mwepesi. Kosa nimelijua: televisheni hupokea tu, haitoi. Mtu wa leo ahitaji mashine ya kupokea na kutoa. Na Njoroge kaipata! Simu ya mkononi, kutoka nyumba ya Mtaliano. Watembea nayo ukizungumza, haina waya hata mmoja! Nimempa televisheni, kanipa simu. Kesho Khamisa atazungumza na mamake wa Lamu huku akikuna nazi.

Njoroge alinikimbilia hadi barabarani na kisanduku cha kuchomeka ukutani, waya zikining'inia, akisema simu haitazungumza bila hicho. Nikamrudishia. Simu isiyo na waya, waya za nini?