Mkia wa Nyota Ulioelekea Chini

Jumatatu, 28 Oktoba

Daftari, nisamehe. Siku kumi na moja sijakugusa. Mwanangu Taaka anaota meno, na Taaka akiota meno hakuna anayelala hapa Tiira.

Habari ni hii. Shemeji Arthur, mdogo wa mume wangu, anamaliza chuo. Kazi yake ya mwisho ni programu ya kompyuta inayoonyesha anga. Anataka ile nyota yenye mkia ya jioni hizi ionekane humo kama tunavyoiona sisi kwa macho, si kama ya sinema. Amenipa penseli niichore jua likishazama. Jirani yangu Peninah naye kapewa. Mchoro bora utaingia, na jina la mchoraji chini yake. Jina langu, bila shaka.

Jumanne, 29 Oktoba

Mtoto ana homa. Sikutoka. Peninah alitoka, akaja kunionyesha mchoro kabla sijauliza. Doa! Kama unga uliomwagika. Nikamwambia pole, ajitahidi.

Jumatano, 30 Oktoba

Zamu yangu kufagia kanisa. Stoo, nyuma ya ngoma, nikakuta nyota ya bati ya Krismasi. Mkia mrefu, umeshuka hadi kwenye zizi la mtoto Yesu. Nikanakili. Zizi nikaliacha, mimi si mjinga. Nikapiga picha, nikamtumia Arthur. Akajibu kwamba hajawahi kuona mkia kama huo. Nikaenda kisimani kifua mbele.

Ijumaa, 1 Novemba

Aibu. Arthur alionyesha kazi mbele ya walimu. Mmoja akauliza mbona mkia unaelekea jua linakozama. Kumbe mikia hii hulikimbia jua; jioni lazima iangalie juu. Wakacheka. Kapewa hadi Jumatatu arekebishe, la sivyo arudie mwaka.

Akanipigia simu. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Shemeji, uliiona kweli?"

Nikasema mtoto alikuwa na homa. Akanipa pole, akauliza kama amepona. Hapo ndipo nilipolia.

"Sikuiona, shemeji. Niliichora kanisani."

 Akasema basi kesho niitazame.

Jumamosi, 2 Novemba

Nikamfunga Taaka mgongoni, nikamwambia leo hakuna kulia, mama ana kazi. Akanishika sikio, akanyamaza. Tukasimama kando ya mashimo ya dhahabu, magharibi kukiwa wazi.

Niliiona. Doa. Mkia hafifu, kama pumzi kwenye kioo, umeelekea juu. Nikachora hivyo hivyo. Lakini mchoro ulifanana mno na wa Peninah! Watu watasema nimemwibia. Nikaurefusha mkia. Kidogo. Hadi ukingo wa karatasi.

Jumatatu, 4 Novemba

Arthur amefaulu, kwa doa la Peninah. Nimempongeza Peninah nikitazama miguu yake. Arthur anasema nyota nyingine ikija, nikitaka, nisaidie tena. Nataka. Nimemwandikia anitumie: penseli mbili, kifutio, dawa ya fizi za mtoto, rula ndefu ya mkia, na picha ya hiyo nyota wiki mbili kabla haijatokea, nijue nitakachoona.