Karata Tano Nyekundu

Jumatatu, 8 Septemba

Mbusa ameleta kiti kipya. Anakanyaga chuma huku chini, mteja anapanda taratibu kama askofu. Kiti changu kina miguu minne, mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha kandambili. Nimenyoa watu hapa Bwera miaka kumi na tisa. Mbusa amevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, juzijuzi tu na saluni yake inatazamana na yangu. Leo wameingia kwake watu kumi na mmoja. Kwangu wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda forodhani.

Mchana ufumbuzi umenijia kwenye simu. Tangazo. Poka, mchezo wa karata wa hela, mtandaoni, cheza ukiwa popote. Mimi niko popote siku nzima. Nikishinda, nanunua kiti kinachopanda juu kuliko cha Mbusa.

Jioni Sosthène, muuza vitenge, amekuja kunyoa ndevu. Kumbe poka anaijua tangu ujana wake kule mjini Beni, Kongo. Amenifundisha wembe ukiwa shingoni mwake, kwa hiyo naamini alisema kweli. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Tano zinawekwa katikati, za wote: kwanza tatu, kisha moja, kisha ya mwisho. Katika hizo saba unachagua tano bora. Kila zinapofunguliwa, watu wanaweka dau. Ukiona huna kitu, unatupa karata. Kama hakuna aliyeweka dau, unaweza kupita bila kulipa. Mwenzako akiweka, unamfuata kwa kiasi hichohicho, au unampandishia. Wawili wanalazimishwa kuweka hela kabla hata ya kuona karata, mmoja dau dogo, mwingine dau kubwa, na zamu hiyo inazunguka meza.

Kisha ngazi za ushindi. Jozi ni kitu kidogo. Jozi mbili, afadhali. Tatu zinazofanana, vizuri. Tano zinazofuatana, vizuri zaidi. Juu yake iko kuleri. Nikauliza kuleri ni mnyama gani. Sosthène akasema ni Kifaransa. "Kuleri ni rangi. Karata tano ya rangi moja. Ukipata ile, mutu hakuwezi kirahisi."

Nimeandika yote nyuma ya ubao wangu wa bei.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeusahau ubao ukiwa umegeuzwa, upande wa nyuma umetazama wateja. Mteja amesoma: kutupa, kupita, kufuata, kupandisha. Ameuliza kupandisha ni shilingi ngapi na kama naosha kichwa pia. Nimemtoza elfu tatu.

Nimecheza kwa hela za bure wanazokupa ujifunzie. Kufikia saa nane mchana nilikuwa na milioni mbili. Sijawahi kushika milioni mbili za kitu chochote. Sosthène amepita akasema hela za bure hazifundishi kitu, kwa sababu kila mtu anafuata kila dau, nani atatupa karata asipoumia. Naona ni wivu.

Amesema pia mchezaji mzuri hafichui kitu usoni. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Uso wangu ukitulia unatisha, nimefurahi.

Jumatano, 10 Septemba

Siku mbaya. Katekista Yonasani amekuja kunyolewa. Jumapili kuna misa ya kipaimara, yeye ndiye atakayesimama mbele na watoto arobaini. Alitaka apunguzwe tu pembeni.

Simu niliiweka juu ya meza, karibu na poda. Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya mtandaoni, hela za bure bado, lakini nilikuwa na Wafalme wawili. Sasa tatizo la meza hizo ni hili: ukifikiwa zamu unapewa sekunde kumi na tano. Zikiisha, mashine inakutupia karata zako bila kukuuliza. Wafalme wawili hawatupwi. Nilinyoosha mkono wa kushoto kupandisha dau. Mkono wa kulia, wenye mashine ya kunyolea, nao ukapanda, moja kwa moja, kutoka sikio la katekista hadi utosini.

Nilitengeneza uso wangu wa poka. Katekista akaniona kwenye kioo na akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akapeleka mkono kichwani mwenyewe, polepole, akaupata mfereji.

Hakupiga kelele. Akakunja mikono kama anasali, akasema, "Nyoa zote, Zedekia. Nyoa zote tu."

Nimemnyoa upara. Sikumtoza. Pia nimegundua leo kwamba katika poka ya simu hakuna anayeuona uso wako. Sosthène angeweza kuniambia.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekata shauri kucheza kwa hela za kweli. Hela za kweli sina. Ila nina mashine ya kunyolea, ile nzuri ya umeme. Ni yangu, ingawa aliinunua mke wangu Yunia. Alikwenda kuvuna chumvi ziwani Katwe misimu miwili, akasimama ndani ya maji ya chumvi mpaka miguu ikachanika, akarudi nayo imefungwa kwa kanga. Nimejiambia itapumzika siku moja tu.

Bwera siwezi kuiuza, kila mtu anaijua kwa mlio. Nimemwambia Yunia naenda Kasese kuitafutia mashine wembe mpya. Kinyozi mmoja wa Rukoki amenipa laki na ishirini. Nikaketi katika hoteli ya chai mjini, mahali penye mtandao mzuri, nikaingiza laki moja.

Sosthène alisema subira ndiyo mtaji. Basi nimesubiri. Karata mbaya, natupa. Mbaya tena, natupa. Lakini zamu ya dau dogo inakuja, na ya dau kubwa inaifuata, na hata mwenye subira analipa. Baada ya saa moja subira ilikuwa imekula elfu thelathini.

Hatimaye nikapata A mbili, karata kubwa kuliko zote. Nikapandisha dau kwa nguvu. Meza nzima ikatupa karata. Nikashinda dau dogo na dau kubwa, basi. Nilikuwa kama mtu aliyefukuza kuku wote kwa furaha ya kuwa na mahindi.

Mezani kulikuwa na mchezaji anayejiita Bibi Mpole. Alikuwa anatupa, anatupa, kama mimi. Nilimwonea huruma. Nikapewa Mfalme wa kopa na tisa ya uru. Zikafunguliwa tatu: tatu ya kopa, Jeki wa uru, tano ya pau. Nikahesabu nyekundu, ziko nne. Akaweka dau, nikamfuata. Ya nne ikaja nyeusi. Akaweka tena, nikamfuata tena. Ya mwisho: sita ya kopa. Nyekundu tano. Kuleri.

Nikaweka zote. Bibi Mpole alifikiri mpaka sekunde ya mwisho, kisha akafuata. Nilimsikitikia, kweli, nikafikiri huenda ana wajukuu.

Alikuwa na jozi ya tano. Jozi tu. Na mashine ikampa yeye hela zote.

Nikadhani simu imeharibika. Nikaifuta kioo. Nikamwandikia mwenye mchezo kumweleza kuwa mashine yake haioni rangi. Nikajibiwa kwa heshima kubwa kwamba kopa na uru, ingawa zote ni nyekundu, ni aina mbili tofauti, na karata tano zinatakiwa ziwe za aina moja. Zangu zilikuwa tano nyekundu zisizo na maana yoyote. Wakanitakia siku njema.

Nauli ya kurudi ilikuwepo. Nashukuru.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya soko, mji umejaa, na mimi nina mkasi. Nimenyoa kichwa kimoja kwa saa nzima. Mwenye kichwa alilala.

Saa nne Mbusa amevuka barabara na mfuko mkononi. "Papa Immy," amesema, kwa kuwa hunitaja kwa jina la binti yangu kama ilivyo adabu yao, "nimesikia mashine yako haiko. Kamata hii. Mimi niko nazo tatu."

Nilikuwa karibu kunyoosha mkono. Kisha poka ikanijia. Mtu anayepandisha dau bila kulazimishwa, mara nyingi mkononi hana kitu. Mbusa ananiogopa. Basi nami nikampandishia. Nikasema nitazichukua mbili, pamoja na kile kiti chake siku za soko.

Mbusa akarudisha mashine mfukoni. "Haya, mukubwa," akasema, akaenda zake.

Nilingoja arudi na ofa nzuri zaidi. Mpaka saa sita sikumwona.

Aliyekuja ni Yunia. Akauliza mashine iko wapi. Nikaweka uso wa poka, ule ule wa kwenye kioo, hata kope haikucheza.

"Umeiuza," akasema.

Akaketi kwenye kiti changu, kikayumba, nikamweleza yote, kuanzia kiti cha Mbusa hadi Bibi Mpole. Nilipofika kwenye kopa na uru alifumba macho. Hakunitukana. Alivua kiatu akasugua kisigino, kile chenye kovu la Katwe. Hakufanya makusudi, kinamuuma tu akichoka. Afadhali angenitukana.

"Baba Immy," akasema, "kama ulitaka kiti, si ungesema tu?"

Akavaa kiatu, akavuka barabara. Niliwaona kupitia dirisha. Mbusa alikuwa anaongea na mikono yote miwili. Yunia alirudi na mashine moja na masharti: kila Jumamosi niende kwake kunyoa wazee ndevu kwa wembe. Mbusa amekiri kwamba wazee wanamkimbia. Amemwambia mke wangu, nayaandika kama alivyoyasema, "Hapa Bwera, kwa wembe, hakuna mukono kama ya Papa Immy."

Nimeisoma sentensi hii mara tatu. Sikujua kuwa alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 14 Septemba

Jana nilinyoa wazee tisa, nikiwa nimesimama nyuma ya kile kiti. Kinapanda vizuri. Mbusa alininunulia chapati.

Leo misa. Katekista Yonasani alisimama mbele na watoto wake arobaini, kichwa kinang'aa hadi kwaya ya nyuma. Baba mmoja aliniuliza kama mtindo ule ni wangu na unauzwaje. Baada ya misa nilimfuata katekista kumwomba radhi. Akanishika bega. Akasema wembe haukuwa na kosa, macho yangu ndiyo yalikuwa mahali pengine.

Yunia alikuwa kando yangu. Hapo hapo, mbele ya kanisa, nimemwahidi: sitashika karata tena, za mkononi wala za simu. Akanipa kitabu chake cha nyimbo nimbebee. Nyumbani nimeufuta mchezo mbele ya macho yake. Nimejisikia mwepesi kama aliyetoka kuoga mtoni.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekaa siku mbili kamili bila karata. Nimeona jinsi mtu anavyobadilika akiamua. Wanaoshindwa kuacha ni watu wasiojitafakari.

Leo Sosthène amekuja na simu mpya. Amenionyesha mchezo mwingine kabisa. Kuna ndege ndogo, inapaa, na hela yako inapaa nayo. Kazi yako ni kubonyeza kabla haijatoweka. Hakuna kopa, hakuna uru, hakuna Kifaransa. Ni ndege tu, na mtu yeyote mwenye macho anaiona. Nimeitazama ikipaa mara sita na kila mara nilijua hasa ni wakati gani ningebonyeza.

Nimefikiria sana juu ya Yunia kabla ya kuiweka kwenye simu yangu. Sitaki kumdanganya tena. Ndiyo maana nimerudi kusoma nilichoandika Jumapili, neno kwa neno.

Nilimwahidi karata. Ndege sikumwahidi.