Springi ya Cherehani

Siku Royce Tidwell alipoliona gitaa lile kwenye mnada wa vyombo vya marehemu huko Abilene, chini ya mazulia mawili na mavi ya kuku, hakuona gitaa. Aliona daktari wa meno wa Dallas.

Lilikuwa gitaa la kanyagio, lile linalolala juu ya miguu minne kama meza. Mpigaji huketi mbele yake, mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu ikikanyaga na magoti yakisukuma mitambo iliyojificha chini. Likipata mtu wake hulia mpaka wanaume wazima wakasingizia vumbi machoni. Royce hakujua kulipiga. Alichojua ni kwamba lilikuwa jeusi na la zamani, na kwamba Texas nzima ilikuwa ikitafuta gitaa jeusi la zamani tangu mwaka 1971.

Mwaka huo gitaa la Harlan Stroud liliibwa garini nje ya ukumbi wa dansi wa Lubbock, mwenyewe ameingia ndani kunywa kahawa. Harlan ndiye aliyewafundisha wapigaji wa huku kunyamaza katikati ya wimbo, kisha kuingia watu wakiwa wameshakata tamaa. Baadaye alipiga magitaa mengine, mazuri tu, lakini hakupita duka la rehani hata moja bila kuulizia lile lake, mpaka akafa. Na Daktari Garland Pruitt, mwenye magitaa ya kale thelathini na moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, asiyejua kupiga hata moja, alikuwa ametangaza kwamba atakayelipata ataje bei mwenyewe.

Royce alijisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina. Huyu aliwahi kuuza magari yaliyozama mafurikoni, akiapa kwamba kila moja lilikuwa la mjane asiyeliendesha ila kwenda kanisani. Akalisugua gitaa kwa nta siku tatu mpaka akajiona ndani yake, akajipenda. Kisha akachukua msumari, akachora ubavuni herufi mbili, H na S, kwa unyenyekevu wa mtu anayenakili Maandiko.

"Daktari," alisema kwenye simu, "umeketi?"

"Nina mgonjwa hapa, kinywa wazi. Sema."

"Nimelipata la Harlan."

Kwa mbali mgonjwa aliguna.

"Watu tisa wameshaniambia hivyo," Pruitt alisema. "Sitaki karatasi wala picha. Jumamosi, kwenye mkutano wa wapigaji, mjane wake aseme kwa kinywa chake kwamba ndilo na kwamba anaridhia liuzwe. Akisema, nakuandikia hundi palepale."

Oleta Stroud, miaka sabini na tisa, aliishi nje kidogo ya Sweetwater pamoja na mbwa kibogoyo. Alimkaribisha Royce kibarazani, akampa chai ya barafu yenye sukari ya kusimamisha kijiko.

"Mama, sitakuzungusha," alisema Royce, ambaye alikuwa amekuja kumzungusha. "Hili si la marehemu. Lakini linafanana, si linafanana? Kuna daktari tajiri asiyepata usingizi kwa ajili ya gitaa la mumeo. Wewe useme tu ndilo, yeye alale. Fungu lako lipo."

"Kwa hiyo niwadanganye wapigaji."

"Kudanganya ni neno kali, mama. Tuseme kufariji."

"Lipindue."

"Nilipindue? Uzuri wake uko juu. Nimelipaka nta siku tatu."

"Naona. Lipindue."

Mpigaji wa kweli, na mke wa mpigaji wa kweli, hahangaiki na uso wa gitaa la kanyagio. Hulipindua kwanza, kwa maana maisha yake yote yako tumboni, fito na bawaba na springi, na kila mpigaji huzipanga kwa namna yake. Royce alikuwa amekaa na gitaa lile wiki mbili bila kulichungulia chini hata mara moja.

Oleta akavaa miwani. Kwenye kanyagio la pili palikuwa na springi moja ndogo isiyofanana na nyingine. Ilikuwa springi ya cherehani. Aliing'oa yeye mwenyewe kwenye cherehani yake mwaka 1968, kwenye maegesho ya magari kule Amarillo, alipokuwa akiishonea bendi mashati, dakika ishirini kabla ya dansi. Harlan aliifunga akiwa amelala chali kwenye changarawe, anacheka.

Alitaka kuliinamia lile gitaa alie. Lakini alijua kwamba akitamka ndilo, huyu bwana atalitupa kwenye pikapu na kutokomea, na gitaa alilolitafuta mumewe mpaka kaburini litaishia kwenye kiyoyozi cha mtu. Akavua miwani.

"Takataka," alisema. "Wazee watakucheka. Na hizo herufi umechora wewe? Harlan hakuwa na mwandiko mzuri hivyo."

Royce akanywea.

"Ila ghalani ninalo jingine jeusi, alilokuwa akifundishia watu. Angalau lina jasho lake. Chukua hilo, hili bovu niachie nipange juu yake maua."

"Na utasema?"

"Nitasimama mbele ya wote niseme gitaa la Harlan limepatikana."

"Na fungu lako?"

"Fungu langu nitajichukulia mwenyewe."

Royce hakusubiri kusukumwa. Alilibeba lile bovu mwenyewe hadi sebuleni, akalifuta vumbi, akaondoka na la ghalani. Njia nzima alipiga mluzi, akijua amemwingiza mjini bibi wa watu.

Jumamosi mchana ukumbi wa hoteli ulijaa wazee wenye kofia pana na suruali zilizopigwa pasi mpaka zikakata, watu ambao humtazama mpigaji miguu badala ya uso. Pruitt aliketi mstari wa mbele, kitabu cha hundi gotini. Royce alisimama jukwaani kando ya gitaa lake, lililofunikwa shuka. Oleta akapanda na gauni la buluu.

"Gitaa la Harlan limepatikana," alisema kwenye kipaza sauti.

Royce akashika ncha ya shuka.

"Lile pale."

Alikuwa akionyesha mlangoni. Wanaume wawili waliingia wamelibeba lile bovu la Royce, limeshapinduliwa, wakalipitisha katikati ya viti polepole ili kila mtu aone tumbo lake. Vernell Askew, aliyekuwa mpiga fidla wa Harlan, aliinama, akatazama, akavua kofia.

"Springi ya cherehani," alisema. "Dansi ile nilipiga na shati la mkono mmoja kwa sababu yake."

"Na aliyelileta ni bwana huyu, Royce Tidwell," Oleta aliendelea. "Alilibeba mwenyewe mpaka sebuleni kwangu, na hajanidai hata senti."

Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Royce alikuwa na njia mbili. Angeweza kueleza kwamba gitaa ni lake, na kwamba alikwenda kwa mjane kumshawishi aseme uongo. Au angeweza kutabasamu. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Pruitt alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mimi ningeliuza," alikiri, kisha akamgeukia Oleta na kitabu chake.

"Haliuzwi, daktari. Litapigwa."

Akavua viatu, akaketi. Wachache walijua kwamba anaweza. Alipiga wimbo mmoja wa walzi, wa taratibu, akafika katikati, akanyamaza. Akangoja. Akangoja mpaka watu wakakata tamaa, ndipo akaingia. Vumbi lilikuwa jingi ukumbini siku hiyo, na Royce naye lilimwingia machoni, mwenyewe akashangaa.

Baadaye Oleta alimfuata kwenye pikapu na kipande cha pai ya pichi.

"Mama," Royce alisema kinyonge, "ulilijuaje?"

"Ile springi ya kanyagio la pili."

"Springi gani?"

Oleta akamtilia pai mkononi. "Kula pai, mwanangu. Na hilo ulilonalo, safari hii lipindue."

Oleta alipokwenda zake, Royce akalipindua. Chini ya mbao palikuwa pamepigwa mhuri wa kiwanda, mwaka 1984, miaka kumi na mitatu baada ya wizi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaligeuza tena uso juu, akaanza kulifuta kwa mkono wa shati, polepole, huku akitafuna. Hakuwa tena akiona gitaa. Alikuwa akiona daktari wa macho wa Houston.